Reli Haiwezi Kuliokoa Daraja

Hoja iliyochapishwa kwamba reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, ikifufuka, madaraja ya zamani juu ya mto Lualaba nchini Kongo (DRC) yatapumzika, basi yapakwe rangi tu, imesahau ramani. Mji wa migodi wa Kolwezi uko magharibi ya mto, Tenke na Likasi mashariki. Reli iliyounganishwa na Angola kupitia Dilolo mwaka 1931 inauvuka mto huohuo, na treni ya shaba ni nzito kuliko lori lolote.

Watasema: mbona daraja bado limesimama? Kusimama si ushahidi. Uchovu wa chuma hukua takribani kwa mchemraba wa mzigo: ekseli yenye uzito maradufu huumiza kama ekseli 8 za awali. Nyufa huanzia kwenye matundu ya riveti na maungio, mahali ambapo rangi huzificha. Uganda haikusubiri maafa. Barabara ya Jinja juu ya bwawa la Owen Falls, la mwaka 1954, ilikuwa ikipitisha magari hadi daraja jipya la mita 525 lilipofunguliwa mwaka 2018. Fedha? Tangu mwaka 2018 sheria ya madini ya Kongo inaupa mkoa wenye migodi asilimia 25 ya mrabaha, na mrabaha wa kobalti ni asilimia 10. Yanayolichosha daraja ni madini hayohayo. Yalipie daraja jipya.