Mlima Usio na Watu

Lipo kosa moja ambalo sisi wenyeji wa Meru na Embu tumelizoea hata hatulioni tena kuwa kosa. Itazame kalenda iliyotundikwa dukani, zitazame kadi wanazouziwa watalii: Mlima Kenya umesimama peke yake, vilele vyeupe, anga la buluu, na pengine tembo mmoja chini yake. Watu hawamo. Mgeni akiziamini picha hizo atadhani ya kwamba kutoka Timau hadi Runyenjes hakuna jiko hata moja linalotoa moshi. Nasema picha hizo ni uongo, nasi hatuna budi kuukana.

Ili nisidhaniwe kuwa natafuta kasoro bure, nitaleta shahidi kutoka mbali. Huko Japani uko mlima Fuji, wenye kimo cha mita 3,776, mtakatifu kwa wenyeji wake kama Kirinyaga ulivyokuwa kwa wazee wetu, waliouelekea walipoomba. Mnamo mwaka wa 1830 hivi, mchoraji aitwaye Hokusai, mzee wa miaka sabini, alianza kutoa picha za mlima huo. Jina la mfululizo lilitaja picha 36, lakini zilipendwa hata zikafikia 46. Hazikufanywa kwa ajili ya majumba ya wakubwa. Mchoraji alichora, fundi wa pili akauchonga mchoro katika ubao wa mcheri, na mbao nyingine kwa ajili ya rangi, fundi wa tatu akazipaka mbao hizo rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua. Zikatoka nakala nyingi, na mtu wa kawaida mjini akaweza kununua yake.

Basi tazama alichokichora. Katika picha moja, ya jimbo la Owari, fundi wa mapipa ameinama ndani ya pipa kubwa lisilo na kitako, lililolazwa ubavu. Anapiga randa. Duara la pipa limetawala karatasi, na ndani ya duara hilo, mbali ng'ambo ya mashamba, mlima unaonekana: pembetatu ndogo tu, ambayo jicho laweza kuikosa mara ya kwanza. Fundi haitazami. Ana kazi. Katika picha yake mashuhuri kuliko zote, ile ya wimbi la Kanagawa, mambo ni yayo hayo: wapiga makasia wameinama mashuani, wimbi limewainulia kucha, na Fuji ni kilima kidogo nyuma yao. (Wengi wanaolikumbuka wimbi wamewasahau wapiga makasia, na huu ndio ugonjwa wenyewe ninaoulalamikia.) Hokusai hakuudharau mlima kwa kuufanya mdogo. Aliuweka mahali unapokaa kweli katika maisha ya mtu, yaani nyuma ya kazi yake.

Mzee huyo alifariki mwezi wa Mei, 1849. Desemba ya mwaka uo huo mmisionari Krapf aliuona mlima wetu akiwa Ukambani, akaandika habari za theluji, na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakamkanusha. Mwaka wa 1899 Mackinder alifika kileleni, na vilele vikaitwa Batian, Nelion na Lenana, kwa majina ya wakuu wa Kimaasai. Sina ugomvi na Wamaasai. Nasema tu ya kwamba tangu hapo mlima umesimuliwa kwa ulimi wa mpandaji, kwa mita zake 5,199 na njia za kuufikia, nasi tumekubali kuutazama kwa macho yake. Hata nembo ya taifa letu ina kosa hilo. Simba na ngao wamesimama juu ya mlima huo, na mbele yake yamepangwa kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Mazao yote yamo. Mkono ulioyapanda haumo.

Watakaonipinga watasema kwamba siku hizi kila mtu ana kamera katika simu yake. Kamera haina lawama. Lakini nimewaona vijana wetu wakimwomba mama mwenye kikapu cha majani chai asogee kando, kwa kuwa anauziba mlima! Wengine watasema hatuna ufundi. Neno hili ni la kuchekesha katika nchi ya muuru, mti ambao Waingereza waliufananisha na mwaloni wao wakaupa jina la Meru. Maseremala wetu huugeuza vitanda na milango. Awezaye kuchonga ua katika kichwa cha kitanda hatashindwa na mlima. Kama muuru hautashika mstari mwembamba vizuri kama mcheri, na ujaribiwe mti mwingine.

Haraka nayo ipo. Mito ya barafu iliyokuwako siku za Mackinder mingi imekwisha toweka, na wataalamu wanakadiria kwamba iliyosalia huenda isivuke miaka ya 2030. Wajukuu wetu watakapouliza mlima ulikuwaje ungali mweupe, tutawaonyesha kalenda yenye tembo.

Asubuhi moja, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, nilimkuta seremala akipiga randa fremu ya mlango aliyoisimamisha nje ya kibanda chake. Ndani ya fremu ile mlima ulikuwa umekaa mzima, mdogo, na weupe wake kidogo juu. Nikamwambia, "Mzee, simama hapo hapo, utazame ulichokitia mlangoni." Alitazama, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, mwenye mlango anakuja saa nne." Akaendelea na randa. Ilipofika saa tatu wingu lilikuwa limekwisha kuufunika. Sikuwa na kalamu wala karatasi.