Mchanga Nao Una Nauli Yake

Mtu akishuka basi Kibiti na kutajiwa nauli ya bodaboda kwenda vijiji vya ndani huko Mtawanya, hung'aka: mbona ni hapo tu? Mimi ni fundi baiskeli na pikipiki, na katika hili nawatetea vijana. Ni hapo tu, ndiyo, lakini njia ni mchanga.

Tupige hesabu. Mkulima, baiskeli na gunia la korosho kwenye keria, tuseme kilo 150. Kwenye lami ya Barabara ya Kilwa, tairi likiwa limejaa upepo, nguvu ya kuisukuma mbele haifiki hata ile ya kunyanyua kilo moja. Akikata kona kuingia mchanga mkavu, inapanda kufikia ya kunyanyua kilo 30 au zaidi. Wahandisi huuita ukinzani wa kubingirika. Mkulima hauiti chochote, anashuka, anasukuma.

Tairi likizama, muda wote linapanda ukingo wa shimo linalojichimbia lenyewe. Ndiyo maana vijana hupunguza upepo: tairi laini hutandaza uzito, halizami sana. Wakirudi kwenye lami husahau kujaza. Hapo tairi hujikunja kila linapozunguka, hupata moto, mwisho hupasuka ubavuni. (Siwezi kulalamika sana, nami nala hapo hapo.)

Ninachokipinga ni greda. Linapita njia nzima, wananchi tunapiga makofi. Penye changarawe halina neno. Penye mchanga linavuruga hata lile ganda gumu lililoachwa na mvua na magurudumu, na kiangazi kikikolea tunaogelea.

Hela ya hilo greda inunue kifusi cha changarawe kwa vipande vya mchanga tu, kimwagiwe maji, kishindiliwe barabara, na mitaro ichimbwe ili mvua isikizoe. Juu yake zile kilo 30 zinashuka hadi kama 3. Tope jeusi la bonde la Rufiji wakati wa masika lina dawa yake nyingine; silisemei leo.

Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo wenyeviti wa vijiji wapande bodaboda, na kila mahali dereva anapowaambia "mzee, shuka kidogo tusukume", wapigilie kigingi. Kifusi kianzie hapo.