Mlonge ni chakula, usiuuze kama dawa ya sonona

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, unga wa mlonge umeanza kuuzwa kwenye vifuko vilivyoandikwa "unatibu msongo wa mawazo na sonona". Mimi nasema maandishi hayo yafutwe.

Mlonge ni mboga nzuri. Majani yake yana madini ya chuma, na mtu mwenye upungufu wa damu huchoka, hata moyo hunyong'onyea. Akila vizuri anaweza kupata nafuu. (Kamulia limau, chuma kiingie mwilini.) Lakini sonona ni ugonjwa. Anayetamani kufa apelekwe hospitali, na aliyeanza vidonge asiviache kwa sababu ya kijiko cha unga wako. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Wewe tengeneza unga safi: osha majani, anika kivulini maana jua kali huharibu vitamini A, saga, funga pasipopenya unyevu. Nenda SIDO upate barua ya utambulisho, uipeleke TBS, wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019. Ukiandika "unatibu" umeingia kwenye dawa, na huko utakutana na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Andika "unga wa majani ya mlonge", uzito na tarehe. Soko la Chifu Kingalu watanunua, mlonge wanaujua.