Daktari Aliyekunyima Kapsuli Hakukunyima Matibabu



Kila mtu aliyefuga ng'ombe ajua habari ya josho. Dawa ikitiwa kwa kipimo chake, kupe hufa. Dawa ikipunguzwa na maji yakazidi, kupe wadhaifu hufa, lakini wenye nguvu hubaki na kuzaa. Baada ya muda ng'ombe hutoka katika josho na kupe wake masikioni, wazima kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa dawa ya arseniki, ambayo wafugaji wa Afrika ya Mashariki waliitegemea zamani, na ndivyo ilivyokuwa kwa dawa nyingine zilizoifuata.

Hakuna mkulima anayebisha jambo hili. Lakini mkulima huyo huyo akishikwa na kikohozi, huenda kwa daktari akiwa amekwisha kujiandikia dawa kichwani mwake. Anataka kapsuli za rangi mbili, na asipopewa husema kwamba daktari hafai kitu. Maoni yangu ni kwamba daktari huyo mara nyingi ametenda vema, na yatupasa kumshukuru. Lakini yeye naye ana deni kwetu, na deni hilo nitalitaja.

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mtoto wetu wa miaka miwili alipata mafua na kikohozi wakati wa vumbi la mwezi wa Agosti. Tuliondoka nyumbani alfajiri, tukangoja katika zahanati mpaka saa sita. Tabibu alimtazama, akasema, "Haya ni mafua tu, nendeni nyumbani." Basi, hakuongeza neno. Nilikasirika sana, maana nilikuwa nimeacha maharagwe shambani yakingoja kupurwa. Nikapita dukani, nikanunua kapsuli sita bila karatasi ya daktari. Mtoto alipewa mbili katika uji, na siku ya nne alikuwa akicheza. Nikawaambia majirani kwamba dukani kuna daktari bora kuliko zahanati. Kumbe mafua yale yangepona siku ile ile bila kapsuli yo yote.

Zile nne zilizobaki tuliziweka kabatini. Mvua za Novemba zilipofika, mtoto akakohoa tena, nasi tukampa hizo. Safari hii hayakuwa mafua. Siku ya tatu alikuwa akipumua mbio kama mtu aliyepanda mlima, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Ilikuwa nimonia. Alipelekwa hospitali mjini Meru, akapona kwa neema ya Mungu na kwa kazi ya wauguzi. Daktari wa huko hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Kwa nini mlingoja siku tatu?" Tulingoja kwa sababu tulidhani tumekwisha kumtibu.

Sasa yafaa tufahamu kwa nini daktari huzuia kapsuli. Dawa hizi, ziitwazo antibiotiki, huua vijidudu vya namna moja, yaani bakteria. Lakini mafua, vikohozi vingi, maumivu mengi ya koo na kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na antibiotiki haiwezi kuua virusi hata ukimeza debe zima. Mafua huchukua juma moja au siku kumi. Kikohozi chaweza kuendelea majuma matatu na bado kikapona chenyewe. Mwenye mafua ahitaji maji ya kunywa, chakula, mapumziko, na dawa ya kutuliza homa na maumivu. Mtoto anayehara maji ahitaji ule unga wa ORS uliochanganywa na maji safi, pamoja na vidonge vya zinki. Hayo ndiyo matibabu yake. Si kwamba daktari amebana mkono.

Kuna magonjwa mengine ambayo antibiotiki ni lazima, na hapo daktari hapaswi kusita. Nimonia ni moja. Mkojo unaochoma kwa sababu ya bakteria ni mwingine. Kuhara damu ni jambo la kupelekwa kwa daktari siku ile ile. Kadhalika kuna koo la mtoto lenye usaha na homa, tezi za shingo zikiwa zimevimba, na kikohozi hakuna. Koo la namna hii likiletwa na bakteria na lisipotibiwa, laweza baadaye kuharibu moyo wa mtoto kwa maisha yake yote, na penisilini ndiyo kinga yake. Basi kazi ya daktari si kugawa kapsuli wala kuzinyima. Kazi yake ni kupambanua.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alitoa onyo mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Alisema kwamba mtu akimeza dawa kidogo mno atavizoesha vijidudu kuistahimili. Onyo hilo limetimia. Yakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa. Wazee wetu walisema akiba haiozi, lakini akiba hii huoza tukiitumia ovyo. Kapsuli niliyoitupa kwa mafua ya Agosti ndiyo huenda ikakosa nguvu kwa mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua, au kwa mtoto mchanga wa jirani.

Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa taifa juu ya jambo hili mwaka 2017, na tangu zamani sheria yataka antibiotiki ziuzwe kwa karatasi ya daktari. Lakini sote twajua yanayotendeka sokoni. Mtu hununua kapsuli mbili mbili kwa kadiri ya shilingi alizo nazo, kama anunuavyo vitunguu.

Nimewasema wakulima, sasa niwaseme madaktari. Katika mashamba yetu daktari wa familia ni nadra sana. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari wa namna hiyo mwaka 2005, lakini bado ni wachache mno. Kwetu daktari wa familia ni tabibu au muuguzi wa zahanati. Ana msururu wa watu mlangoni, na kumwandikia mtu kapsuli huchukua dakika moja, lakini kumweleza kwa nini haihitaji huchukua dakika tano. Wengine wanaandika kwa kuogopa lawama, na katika vituo vya kuuza dawa wengine wanaandika kwa sababu dawa ndiyo mapato yao. Wengine humpima mtu mara moja damu ya kidole, wakasema ana homa ya matumbo, wakampa antibiotiki kali, ingawa yajulikana kwamba kipimo hicho peke yake hakitegemeki.

Deni la daktari ni maneno. Yule tabibu alisema kweli kuhusu mafua ya mtoto wangu, lakini kweli yake ilikuwa fupi mno. Mtu aliyetembea saa mbili, au aliyelipa nauli ya pikipiki kwenda na kurudi, hawezi kurudishwa na neno "mafua tu". Kama angaliniambia, "Mtazame pumzi zake, akipumua mbio au kifua kikiingia ndani, mlete hata usiku," nisingalipoteza siku tatu mwezi wa Novemba. Nchini Uingereza madaktari wengine humpa mgonjwa karatasi ya dawa, wakamwambia asiitumie mpaka zipite siku kadhaa bila nafuu. Kwetu, ambako kurudi ni taabu, daktari aweza kumpa mgonjwa nambari ya simu ya zahanati na siku ya kutoa habari.

Nasi tufanye sehemu yetu. Ukienda kwa daktari, usiombe kapsuli. Uliza maswali matatu: Ugonjwa huu ni gani? Nitazamie upone baada ya siku ngapi? Dalili gani ikitokea nirudi upesi? Ukiandikiwa antibiotiki, meza kwa kipimo na kwa siku ulizoandikiwa, wala usimgawie jirani, wala usiweke masalio kabatini. Dawa ya ng'ombe ibaki ya ng'ombe.

Kila mzazi na ajifunze kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa, kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Mtoto aliye chini ya miezi miwili, akiugua, apelekwe bila kungoja. Vilevile mtoto wa umri wo wote asiyeweza kunyonya au kunywa, au mwenye degedege, au anayelala asiamke vizuri, huyo asingoje asubuhi.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji shilingi hata moja. Saa ya simu yatosha. Laiti ningalijua mwaka ule, nisingalikuwa na swali la kujibu pale hospitali.