Chakula cha Msaada na Maneno ya Watu

Waswahili tulioko Marekani, hasa ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, tuna maneno mengi kuhusu pantri, yaani zile ghala ndogo za kanisani na mtaani zinazogawa chakula bure. Mengine ni soga tu. Mengine yanalaza watoto njaa, na hayo ndiyo ninayoyajibu.

Kwanza, eti wanaopanga foleni ni wavivu. Asemaye hivi hajawahi kuifikia foleni yenyewe. Angefika angemkuta mwanamume ametoka zamu ya usiku kiwandani, mabuti bado miguuni, na nyuma yake bibi anayelea wajukuu. Tupige hesabu: kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, una dola 290, hujakatwa kodi wala hujalipa pango. Majimbo mengi yana kima cha juu zaidi, ni kweli, lakini huko nako mwenye nyumba hulipwa kwanza, na tumbo hupata kilichobaki.

Pili, eti ni mabaki yaliyopitwa na tarehe. Hapa nitakawia kidogo. Benki ya kwanza ya chakula, St. Mary's ya Phoenix, Arizona, ilianzishwa 1967 na John van Hengel, baada ya mama mmoja kumweleza kwamba alilisha wanawe kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka. Van Hengel alipokwenda kuangalia, alikuta vingi bado vinafaa kabisa kuliwa. Tangu hapo benki za namna hiyo zimekuwa bohari za jumla, na pantri ndizo zinazoifikia familia. Bohari hizo hujazwa na maduka na wakulima, na Wizara ya Kilimo inayonunua chakula kupitia mpango wa TEFAP, na fedha za wahisani. Sheria ya 1996 inamkinga na kesi anayetoa chakula kwa nia njema. Kabla yake wenye maduka wengi waliona heri kutupa kuliko kushtakiwa.

Na ile tarehe kwenye kopo? Serikali kuu hailazimishi kuiandika, isipokuwa kwenye maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Kwa vyakula vingine vingi vya kopo na pakiti, ni makadirio ya kiwanda kuhusu ladha. Maharage ya kopo hayageuki sumu saa sita usiku. Kopo lililovimba, au lililobonyea kwenye mshono, hilo litupe hata kama tarehe haijafika. Mchicha ulionyauka ni malalamiko ya haki, na upo.

Tatu, eti ukichukua chakula utanyimwa karatasi. Neno hili ndilo baya kuliko yote. Hata ile kanuni kali ya uhamiaji iliyotangazwa 2019, ambayo ilihesabu stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, dhidi ya mwombaji wa ukaazi, haikuhesabu chakula cha pantri. Kwa kawaida utaulizwa jina, unakaa wapi, mko wangapi nyumbani na kipato chenu. Mwenye hofu amwone wakili wa uhamiaji. Jirani wa kwenye basi si wakili.

Wapo pia wanaosema mwenye stempu akienda pantri ni mlafi. Stempu hazinunui sabuni, nepi wala chakula cha moto, na wastani wake ni kama dola 6 kwa mtu kwa siku. Isitoshe, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imewaondoa wakimbizi kwenye stempu mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Kwa familia iliyotoka kambini Kigoma na bado inangoja ukaazi huo, huo ulafi uko wapi?

La mwisho lina ukweli ndani yake: eti wanatupatia tusichokula. Nimemwona mama akiligeuza kopo la mchuzi wa matunda mekundu, ule Wamarekani wanaokula na bata mzinga, akatafuta picha inayoeleza linaliwa na nini, kisha akalirudisha kimyakimya kwenye boksi. Ukipewa boksi lililofungwa, sehemu yake huishia jalalani. Ndiyo maana pantri nyingi sasa zimeacha maboksi, zinapanga rafu kama duka: familia ya watu wanne inaambiwa ichukue makopo kadhaa ya maharage, pakiti kadhaa za mchele, na inachagua yenyewe. Chakula kinachotupwa kinapungua, na mtu anatembea na kikapu badala ya kunyoosha mkono. Lakini rafu haiwezi kubeba asichokijua msimamizi. Ukiulizwa mnapenda kula nini, usijibu "chochote tu" kwa adabu. Mwambie: unga wa muhogo, maharage makavu, mafuta ya mawese, ndagala.