KAZI ZA MIKONO: Gurudumu Lililokataa Kugusa Meza

Mwezi uliopita tulieleza jinsi ya kutunza tupa na misumeno. Mwezi huu twataka kusimulia kazi iliyofanywa kwa vyombo hivyo, nayo ni kuunda mfano mdogo wa motakaa ya kale ya Marekani. Wala si kwa kununua sanduku lenye vipande vilivyokwisha kukatwa, bali kwa kukata kila kipande kwa mkono wetu wenyewe. Tena hatutaficha ya kuwa katika kazi hiyo mimi mwandishi nilikosa, na aliyelifichua kosa langu ni mtoto wa miaka 13.

Mtoto huyo ni mpwa wangu. Aliona picha ya motakaa ya namna ambayo Wamarekani huiita hotirodi, akaniuliza, "Mjomba, mbona gari hili halina madigadi, na magurudumu ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma? Je, limeharibika?" Swali lake lilikuwa jema, maana asiyejua sababu ya kitu hawezi kuunda mfano wake. Basi nikamweleza hivi.

Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa California walipenda mbio, lakini hawakuwa na fedha za kununua motakaa za mbio. Kwa hiyo walinunua motakaa kuukuu kwa bei ndogo, wakazitengeneza kwa mikono yao. Kila kitu kisichosaidia mbio walikiondoa: madigadi, vibao vya kukanyagia, na pengine hata boneti. Kisha walizipeleka jangwani, kwenye maziwa yaliyokauka kama lile la Muroc, ambako ardhi ni ngumu na tambarare kama sakafu, wakashindana kwa kupimwa na saa. Mwaka 1937 vyama vyao viliungana vikawa shirika moja, Southern California Timing Association, ili mbio ziwe na utaratibu. Na mwaka 1949 walianza kukimbia katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, katika jimbo la Utah.

Motakaa waliyoipenda mno ni Ford ya mwaka 1932. Mwaka huo Ford ilitoa injini ya silinda 8, zilizopangwa mfano wa herufi V, yenye nguvu za farasi 65, katika motakaa ya bei ya chini. Tena mihimili miwili ya chesisi yake ilikuwa na mfuo mzuri ubavuni, hata madigadi yakiondolewa motakaa haikuonekana uchi. Na magurudumu je? Gurudumu kubwa la nyuma likizunguka mara moja hupita ardhi nyingi kuliko dogo. Basi injini ikizunguka vile vile, motakaa huenda mbio zaidi. Ya mbele hayasukumi kitu, kwa hiyo waliyafanya madogo na mepesi. Tena walitia ekseli ya mbele motoni, wakaipinda ili pua ya motakaa ishuke karibu na ardhi.

Mpwa wangu aliposikia hayo alisema, "Kumbe kila kilichoondolewa kina sababu yake." Nikamjibu, "Naam, na kila kilichobaki pia." Ndipo tulipoanza kazi.

Jambo la kwanza ni kipimo. Tulichagua kipimo cha moja kwa 25, yaani kila milimita 25 za motakaa ya kweli ni milimita 1 katika mfano. Toka katikati ya gurudumu la mbele hata katikati ya la nyuma, Ford ya 1932 ina inchi 106, ndizo milimita 2692. Ukigawanya kwa 25 utapata milimita 107.7. Mpira wa nyuma wenye kimo cha inchi 30, ndizo milimita 762, huwa milimita 30.5. Vijana wale walizoea pia kukata nguzo za madirisha ili kushusha paa. Wakipunguza inchi 3, katika mfano ni milimita 3 tu. Hapana ruhusa ya kugawanya kitu kimoja kwa 25 na kingine kwa kadiri ya jicho. Mtu akifanya hivyo, kila kipande peke yake kitakuwa kizuri, lakini vyote pamoja vitagombana.

Illakini kuna mahali ambapo kipimo hakiwezekani. Bati la mwili likiwa na unene wa milimita 1, katika mfano lingekuwa jembamba kuliko karatasi ya kuandikia, nalo lisingeweza kusimama. Hapo fundi huacha ukuta uwe mnene, akapunguza kwa tupa zile kingo zinazoonekana tu, katika madirisha na milango. Hiyo ni hila ya halali, maana humsaidia mtazamaji kuona kitu kilivyo. Iko na hila nyingine isiyo halali, nayo tutaitaja punde.

Mwili tuliuchonga katika mti laini, tukitumia kigezo cha karatasi ngumu, upande wa kuume kwanza. Kisha tukakigeuza kigezo kile kile kwa upande wa kushoto, ili pande zote mbili zilingane. Mihimili ya chesisi tuliikata katika bamba la plastiki la unene wa milimita 1, vipande vitatu kwa kila mhimili, tukaviunganisha vikawa kama mfereji. Kila gurudumu tuliliunda kwa visahani vya plastiki vilivyobandikwa pamoja, tukakitia kitu hicho katika keekee iliyofungwa kwenye jiliwa. Keekee ilipozunguka, tupa ilikata mviringo. Fito za rejeta, zisimamazo wima, zilikuwa nyaya nyembamba za shaba zilizotolewa katika kamba kuukuu ya umeme. Nyaya hizo hizo zilifaa kwa plagi 8 za injini.

Basi sasa nisikilizeni kosa langu. Yalibaki maonyesho ya kazi za mikono katika shule ya mtoto, siku 9 mbele, nami nilikuwa na haraka. Mihimili miwili ya chesisi yapasa kulazwa juu ya kioo kilicho sawasawa, mchoro ukiwa chini ya kioo, kisha ndipo vipande vya kukingama vigundishwe. Mimi niliigundisha nikiwa nimeishika mkononi. Kwa jicho ilikuwa sawa. Tulitia springi na ekseli, tukavika magurudumu, tukaiweka mezani. Magurudumu matatu yaligusa meza; la mbele kushoto lilielea.

Mpwa wangu alichukua kipande cha karatasi, akakipitisha chini ya gurudumu lile. Kikapita bila kugusa. Hakusema neno, akaenda kulala.

Usiku ule nilikata kibanzi cha plastiki, nikakipachika kati ya springi na ekseli, gurudumu likashuka hata mezani. Kisha nilipaka rangi nyeusi mahali pale, ili pasijulikane.

Asubuhi mtoto alipitisha karatasi yake, ikakwama. Akafurahi sana. Halafu aliinama hata jicho lake likawa sawa na meza, akaitazama motakaa kwa mbele, akanyamaza kitambo. "Mjomba," akasema, "gurudumu limeshuka, lakini rejeta imelala upande. Je, wale wa jangwani wangekimbia na gari kama hili?"

Wasomaji, swali hilo lilinichoma. Kibanzi kilikuwa kimenyosha ekseli, lakini chesisi ilikuwa imepotoka vile vile kama jana, na rejeta husimama juu ya chesisi. Ningaliweza kupachika kibanzi cha pili chini ya rejeta, na cha tatu chini ya mwili, na rangi juu ya vyote. Lakini mtoto alikuwa ameuliza juu ya watu ambao uhai wao ulikaa juu ya chesisi, nami sikuweza kumjibu uongo. Nikamwambia, "La, mwanangu. Huko Bonneville kila motakaa hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kukimbia, na mkaguzi hatazami rangi, hutazama chini. Nami nina neno. Jana usiku nilipachika kibanzi pale, nikakificha."

Alinitazama kwa muda, nami nikaona ya kuwa hakusikitika kwa ajili ya gari, bali kwa ajili yangu. Kisha akasema, "Basi tuivunje, Mjomba."

Tukaivunja. Tulikata viungo kwa msumeno mwembamba, tukasafisha gundi ya kale kwa tupa, tukalaza mihimili juu ya kioo. Kila pembe tuliipima kwa guni. Tena tulipima toka pembe ya mbele kushoto hata ya nyuma kuume, na toka ya mbele kuume hata ya nyuma kushoto. Vipimo hivi viwili visipolingana, chesisi imekwenda upande. Vilipolingana tulitia gundi, tukaweka pasi nzito juu yake, wala hatukuigusa hata kesho yake.

Siku za maonyesho zikafika, na motakaa haikuwa tayari. Mtoto alipeleka chesisi tupu na magurudumu yake manne, bila mwili wala rangi, pamoja na kile kioo. Wenzake walikuwa na nyumba, mashua na ndege zenye rangi za kupendeza. Mwalimu alimwuliza, "Gari lenyewe liko wapi?" Akajibu, "Bwana Mwalimu, mwili ungali nyumbani. Hii ndiyo sehemu ambayo tuliikosea, tukaitengeneza upya." Mwalimu alitoa karatasi katika daftari lake, akajaribu kuipitisha chini ya kila gurudumu, moja baada ya moja. Haikupita hata mahali pamoja.

Zawadi hakupata, wala hakustahili, maana kazi haikuwa imekwisha. Lakini alirudi nyumbani akikimbia ili kunieleza habari za karatasi ile. Motakaa ilikwisha baada ya majuma 6. Ni nyekundu, nayo imesimama juu ya kabati yetu. Wageni husifu rangi yake; mtoto huigeuza, akawaonyesha chini.

Enyi walimu, mkitoa alama kwa kazi za mikono, geuzeni kitu chini juu kabla ya kuandika. Nanyi wazazi, mkiwasaidia watoto, msitengeneze kitu usiku wakiwa wamelala. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza jinsi ya kunoa patasi. Kwaherini.