Ndege ilijulikana kipande kwa kipande, muchimbaji hakujulikana

Tunajua mutashangaa. Watu wa sendika ya mine wanawaambia musome kitabu cha ndege ya jeshi? Hata mu komite yetu wengine walituuliza: "Ile ndege inatuhusu nini? Tuko na maneno ya mushahara, ninyi munatuletea maneno ya Waamerika." Tunaomba uvumilivu kidogo. Ile ndege ni maneno yetu.

Kitabu kinaitwa Skunk Works. Kiliandikwa na Ben Rich pamoja na Leo Janos, kikatoka mwaka 1994. Rich alikuwa enjenieri wa Lockheed, ku Burbank, mu Kalifornia. Alitumika chini ya Kelly Johnson, kisha akachukua nafasi yake. Anaelezea ndege mbalimbali za siri, lakini iliyotukamata sisi ni SR-71, ile nyeusi wanaita Blackbird. Iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1964. Kazi yake haikuwa kutupa mabomu. Ilikuwa kupita juu sana, karibu meta 26.000, na kupeleleza inchi za wengine kwa kupiga picha. Mwaka 1976 iliweka rekodi ya kilometa 3.529 kwa saa. Zilitengenezwa 32. Kumi na mbili zilipotea kwa aksida, lakini adui hakuangusha hata moja.

Ku mwendo ule, hewa inasugua ndege mpaka bati lake linakuwa moto kupita furu ya mikate. Aliminiumu ingelegea. Kwa hiyo karibu ndege yote ilijengwa na titani. Lakini titani haikuwatosha. Rich anaeleza kama CIA ilipitia mikono ya watu wengine na makampuni ya uongo, ikanunua titani mu Urusi ya Wasovieti. Musome vizuri: ndege ya kupeleleza Urusi, chuma chake kilitoka Urusi, na muuzaji hakujua.

Hapo tulifunga kitabu kwanza, tukaangaliana. Sisi watu wa Katanga tunajua habari ya namna hii. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mawe ya Shinkolobwe yalivuka bahari, yakaingia mu bomu ya atomiki. Siri ilikuwa ya wakubwa. Wazee wetu walijua tu uzito wa jiwe ku mabega.

Kuko na neno la pili, na hili ni la watu wa kazi. Wakati wa kutengeneza ndege zile, vichwa vya buloni vilianza kukatika. Wakatafuta, wakatafuta. Kumbe funguo za kukazia buloni zilipakwa kadmiumu, na kadmiumu inaharibu titani. Wakatosha funguo zile zote mu masanduku. Tena wakaona mabati ya mabawa yaliyochomelewa wakati wa joto yanaharibika mbio, na yale ya wakati wa baridi yanadumu. Juu ya nini? Wakati wa joto, muji wa Burbank ulikuwa unatia klori nyingi mu maji, na yale maji ndiyo walioshea mabati. Wakabadilisha maji, neno likaisha.

Walijuaje? Sababu waliandika. Kila kipande cha titani kilikuwa na historia yake mu karatasi, tangu siku chuma kilipomwangwa ku furu.

Basi hapa njo tunataka kusema neno letu. Karatasi zile zilirudi nyuma mpaka ku furu, zikasimama pale. Nyuma ya furu, kimya. Nani alichimba ile titani? Kwa mushahara gani? Mu kitabu hatukumuona.

Leo, mu kila mukutano wanatuimbia traçabilité. Gunia linapewa namba, kamyo inapewa karatasi. Sawa, hatukatae. Lakini ile karatasi haisemi kama muchimbaji alikuwa na botte na maski, wala kama ni mutu wa sous-traitance mwenye kontra ya miezi mitatu, wala kama kidole chake kilibaki mu mashini. Traçabilité inayoanza ku gunia bila kuanza ku mutu, ni nusu ya ukweli.

Na sisi wenyewe tuko na kosa. Mwaka 2024, ku majadiliano, mwajiri mumoja alituambia: bei ya kobalti imeanguka, mushahara hauwezi kupanda. Tukanyamaza. Tulijua kobalti ni ya batri, basi. Hatukujua kama inaingia pia mu vyuma vya motere za ndege, sababu inavumilia moto. Serikali iliposimamisha kutuma kobalti inje, mwezi wa pili 2025, njo wengi wetu tulianza kuuliza: kumbe inaenda kwa nani? Mutu asiyejua mali yake inafanya nini, atajadili bei namna gani?

Kitabu kiko na mapungufu. Rich anapenda sana ndege zake, na vita baridi anaiona kwa jicho la upande mumoja. Tena kiko mu Kiingereza. Sisi tulikisoma magaribi kwa magaribi, na mwenzetu aliyetumika zamani ku Kitwe anatutafsiria. Musome kwa macho wazi, lakini musome.

Kisha kila delege anunue kaye. Aandike tarehe, saa za kazi, vumbi, aksida, jina la aliyeumia. Watu wa Burbank waliandika juu ya chuma, wakapata kujua kinachokiharibu. Sisi tuandike juu ya watu. Siku ya majadiliano, tusiende tena mikono mitupu.